Damu Wametoa, Majibu Wapewe

Watafiti wanapoingia kijijini na vifaa vya kupima damu, minong'ono ya mumiani huwafuata. Wasomi huicheka. Lakini mtu aliyetoa damu yake kisha asiletewe majibu ana sababu ya kushuku.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, NIMR, AMREF na watafiti kutoka London walitaka kujua jambo moja mkoani Mwanza: je, kutibu vyema magonjwa ya zinaa hupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI? Walichagua jamii 12, zikiwemo za visiwani na za mialoni, wakazipanga katika jozi 6 za jamii zinazofanana. Kura ikaamua. Katika kila jozi, jamii moja ilipata wahudumu waliofunzwa na dawa za uhakika katika vituo vyake vya afya; nyingine ilisubiri hadi utafiti ukamilike. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 1.2 kwa waliohudumiwa na asilimia 1.9 kwa waliosubiri.

Tuwatazame hao waliosubiri. Bila wao, asilimia 1.2 ingekuwa tarakimu tupu, kwa kuwa pasingekuwa na cha kuilinganisha nacho. Mchango wao ulikuwa sawa na wa wenzao, na deni tunalowiwa nao ni lile lile.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la The Lancet, kwa Kiingereza. Madaktari wa dunia nzima waliyasoma. Mwaka 1999 yakaja majibu tofauti kutoka Rakai, Uganda, ambako kutibu watu kwa halaiki hakukupunguza maambukizi. Ndivyo sayansi inavyokwenda: jibu moja huzaa swali jingine. Mvuvi naye anastahili kuufuata mjadala huo, maana ulianzia mwilini mwake.

Kamati zetu za maadili hudai fomu ya ridhaa kabla ya sindano ya kwanza. Zidai pia, kwa uzito ule ule, bajeti na tarehe ya kurudisha majibu kwa Kiswahili, mbele ya mkutano wa kijiji, hata pale dawa iliposhindwa. Afisa wa halmashauri anayepokea barua ya utambulisho ya mtafiti aulize kabla ya kugonga muhuri: utarudi lini?

Ridhaa isiyo na marejesho ni nusu ya ahadi.