Maandishi kwanza, viambatisho vingoje

KALAMU YA JUMATANO
Na Mwanaidi Shekue

Programu ya kusomea baruapepe huja na tiki zilizokwisha kuwekwa, na wengi wetu hatuzigusi kamwe. Kwa hiyo aliyeziweka ndiye anayepanga matumizi ya bando la watu asiowajua. Kazi hiyo inataka huruma.

Tazama Thunderbird. Toleo la 3, lililotoka Desemba 2009, lilianza kupakua na kuhifadhi kwenye kompyuta barua zote za akaunti za IMAP, yaani zile ambazo barua zake hukaa kwenye seva, pasipo mwenyewe kuombwa ruhusa. Nia ilikuwa njema: barua zitafutwe haraka, zisomeke hata mtandao ukikatika. Lakini mtu mwenye barua za miaka kumi, zimejaa picha na viambatisho, akiiwasha kompyuta kwa intaneti ya simu yake, bando la wiki laweza kukata kabla hajasoma hata barua moja.

Wapo wanaotaka upakuaji wote uzimwe. Nawapinga. Mwalimu wa kijijini ambako mtandao huja asubuhi na kupotea mchana ndiye anayezihitaji zaidi barua zilizohifadhiwa, na ndiye huyohuyo anayenunua MB kwa kubana matumizi ya nyumbani.

Kwenye vikundi vya majadiliano vya Usenet programu hiyohiyo ina adabu zaidi. Ikikuta ujumbe mpya zaidi ya 500, husimama ikakuuliza ipakue kiasi gani. Itifaki ya NNTP inayosafirisha ujumbe wa vikundi hivyo, tangu 1986, inaruhusu kuchukua vichwa vya ujumbe peke yake, mwili ukafuata msomaji anapoutaka. Kwa baruapepe pia kikomo kipo, cha siku na cha ukubwa, ila kimefichwa ndani kabisa ya mipangilio ya akaunti, mahali ambapo mgeni hafiki.

Kitolewe huko. Programu ianze na maandishi ya siku 30 zilizopita, na viambatisho vibaki kwenye seva mpaka viguswe. Mwenye faiba ofisini atabonyeza mara moja apate vyote. Aliyemaliziwa bando hana pa kubonyeza likarudi. Na siku ya kwanza kabisa mtumiaji aulizwe, kwa Kiswahili, kama intaneti yake anailipia kwa MB, kabla barua ya kwanza haijapakuliwa.