Laptop haijazeeka, jamani

Wadau, jana nusura bumu langu liishie kwenye RAM mpya. Kila nikibonyeza kinanda prosesa inafika asilimia 100, feni inalia kama mashine ya kusaga. Fundi kasema laptop imezeeka. Nakataa!

Kosa ni langu. Poti pepe ya MIDI, yaani ule waya ulio ndani ya kompyuta tu, niliichagua kuingiza na kutoa kwenye programu ileile. Noti moja ikawa inazunguka bila kukoma. Waya wenyewe wa MIDI (wa tangu 1983) hupitisha biti 31,250 tu kwa sekunde. Poti pepe haina breki hiyo, inakimbia mpaka prosesa ichoke.

Nimebadilisha poti ya kutolea, feni kimya. Hela ya fotokopi ipo.