Baba Alikwenda Wapi? Deni la Mlima Elgon kwa Watoto wa 2007

Mtoto aliyezaliwa Mlima Elgon, magharibi mwa Kenya, mwaka 2007 ameshafika umri wa kuchukua kitambulisho. Anaomba basari ya chuo, au anataka shamba la familia liandikwe upya. Kila ofisi anayoingia inamuuliza jambo ambalo nyumbani kwao halitajwi: baba yuko wapi? Kama yu hai, lete nakala ya kitambulisho chake. Kama alifariki, lete cheti cha kifo. Wengi wa watoto hawa hawana hiki wala kile.

Soko la Chwele, chini ya mlima huo, linawafahamu. Mazao ya mlimani hushukia kwenye soko hili, na wakati wa vita vilivyozuka mlimani miaka hiyo watu nao walishuka kutoka huko juu, makumi ya maelfu wakitawanyika Bungoma na Trans Nzoia. Wengine hawakurudi. Leo wanauza na kununua na watu ambao pengine kaka zao ndio waliowachomea nyumba, na kila mmoja anajua kiasi gani cha kusema na wapi pa kukomea. Kutokana na hali hiyo imezaliwa hoja inayosikika sana: wazazi waliopitia mambo hayo wanyamaze. Kijana akiambiwa babake alikuwa mpiganaji, au kwamba jirani ndiye aliyemtaja babake kwa wanajeshi, kutatokea nini siku ya soko?

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini inachukulia kwamba mama anaujua ukweli na ameamua kuuficha. Ukifuatilia jinsi vita vile vilivyokwenda, utaona kwamba mara nyingi mama mwenyewe hana la kuficha, kwa sababu hajawahi kuambiwa.

Chanzo kilikuwa ardhi. Chepkitale ilipotangazwa hifadhi ya wanyama mwaka 1968, wenyeji wake waliahidiwa makazi Chebyuk, na kuanzia miaka ya 1970 mradi huo ukagawanywa na kugawanywa tena, kila mara kwa mkono wa wanasiasa. Awamu ya tatu ilipotangazwa, viwanja 1,732 vikatakiwa kugawanywa kati ya makundi mawili ya wenyeji, Wasoy na Wamosop, huku waombaji wakiwa maelfu na wengine wakiwa tayari wanaishi na kulima pale pale. Waliotakiwa kuhama walikataa. Hapo ndipo kundi la Sabaot Land Defence Force, SLDF, liliposhika bunduki chini ya Wycliffe Matakwei. Lilitoza watu kodi, likakata masikio ya walioshukiwa kuisaidia serikali, likabaka. Kwa hesabu ya Human Rights Watch, liliua zaidi ya watu 600.

Lilichukua pia vijana kwa nguvu. Hili ndilo linalosahaulika kila tunapojaribu kupanga watu katika mafungu mawili, waliotenda na waliotendewa. Mwanamume mmoja aliweza kutoa pesa kwa SLDF mwezi mmoja kwa hofu ya kukatwa sikio, mwezi uliofuata akalazimishwa kuwabebea chakula msituni, na Machi 2008 Operesheni Okoa Maisha ya jeshi dhidi ya kundi hilo ilipoanza akakamatwa na jeshi kama mpiganaji. Maelfu ya wanaume walikusanywa. Katika kambi ya Kapkota walipitishwa mbele ya watoa habari waliofichwa, na kidole au kichwa kilichotikiswa kikaamua nani apigwe na nani aende nyumbani. Mamia walifikishwa mahakamani Bungoma, na wengi wao baadaye wakaachiliwa. Matakwei aliuawa Mei mwaka huohuo. Wengine hawakuonekana tena. Mwaka 2011 Human Rights Watch ilisema waliopotea mikononi mwa pande zote mbili na hawajulikani walipo ni zaidi ya 300. Jeshi limekanusha siku zote madai dhidi yake.

Sasa mwambie mjane wa mmoja wa waliopotea amweleze mwanawe baba alikuwa nani. Atamwita mpiganaji? Mahakama haikusema hivyo. Atamwita marehemu? Hakuna maiti wala kaburi. Wazee wetu wana utaratibu wao wa kumlilia mtu na kumaliza matanga, lakini utaratibu huo nao unahitaji kujua kama kuna msiba.

Sheria ya ushahidi ya Kenya inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba achukuliwe kuwa amekufa. Wengine hushauri familia zitumie njia hiyo na kufunga jalada. Mimi naiona dhuluma. Inamtaka mjane afunge safari kwenda mahakamani, atafute wakili na ada, kisha aseme mumewe amekufa, na aliyemchukua asitajwe popote kwenye karatasi. Argentina ilikataa kuwafanyia hivyo raia wake. Mwaka 1994 ilipitisha sheria namba 24.321, inayoitambua hali ya mtu aliyetoweshwa kwa nguvu. Familia hupata haki za urithi na nyaraka bila kulazimishwa kutangaza kifo, na cheti chenyewe husema kilichotokea. Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa dhidi ya utoweshaji mwaka 2007, vita vikiwa vimepamba moto, na mpaka leo haijauridhia.

Njia nyingine zimejaribiwa. Kesi ya Mlima Elgon ilifika Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na mwaka 2012 kitengo cha rufaa kikaamua kwamba ilipelekwa nje ya muda wa miezi miwili. Watu wanaosubiri ndugu zao warudi wakaambiwa wamechelewa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza ushahidi mlimani mwaka 2011 na kukabidhi ripoti yake Mei 2013, ripoti ambayo Bunge halijaipitisha. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa madhila ya zamani na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Radhi ya jumla namna hiyo haimsaidii kijana anayejaza fomu ya basari kwenye sehemu iliyoandikwa "yatima".

Kwa hiyo siungi mkono hata wito wa kinyume, wa kuwahimiza wazazi wafungue vinywa, wito unaotolewa kwenye warsha za mashirika kana kwamba tatizo ni haya ya akina mama. Mzazi aliyeshika bunduki ana lake la kumweleza mwanawe, nalo halikwepeki. Lakini wengi wanabeba kimya walichobebeshwa. Anayepaswa kusema kwanza ni serikali, kwa orodha ya waliokamatwa, waliopita Kapkota, waliokabidhiwa polisi na waliofia mikononi mwake. Serikali iliyoweza kuwafikisha mamia kortini kwa mashtaka ya maandishi haiwezi kudai haikuwa na kalamu.

Wanaohofia kisasi wanasema orodha itafufua vita. Mimi nahofia zaidi kijana wa miaka 18 anayejazwa hadithi ya babake na mwanasiasa kabla ya uchaguzi wa 2027, kwa kuwa hakuna maandishi ya kuipima. Viwanja vya Chebyuk bado vinagombaniwa, na kijana asiye na cheti cha kifo cha babake hawezi hata kudai urithi wa kiwanja kwa njia ya korti.