Kuhesabu abiria ndiyo kinga
Kila ajali ya majini inapotokea husikika msemo ule ule: ajali haina kinga. Historia yetu inaukana. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza, ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake wa abiria wapatao 430. Mamia walikufa. Ilipopinduka, waokoaji waliutoboa ubavu wake ili kuwafikia walionasa ndani. Hewa iliyokuwa ikiielesha ikatoka, nayo ikazama. Taifa likaomboleza, tume ikaundwa, marehemu wengi wakazikwa Igoma. Septemba 2011, MV Spice Islander I ikazama kati ya Unguja na Pemba, nayo ikiwa imezidisha abiria. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kikapinduka kikikaribia kutia nanga Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kisiwa kingine, mwaka mwingine, sababu ile ile. Hakuna dhoruba ya kusingizia hapa: kuna tiketi zilizouzwa kupita kiasi, na ofisa aliyeruhusu chombo kuondoka. Mnara wa kumbukumbu ni heshima kwa waliokufa, lakini hauwalindi walio hai. Mamlaka zihesabu kila abiria gatini na kukizuia chombo kilichojaa, hata kama watu watanung'unika. Nawe msomaji, ukiona kimejaa, usipande, subiri kinachofuata.