Mtoto huyu hajarogwa, chembe zake za damu ndizo zilizopinda

Hivi majuzi mama mmoja aliniletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu, vidole vya mikono na miguu vimefura, analia kila akiguswa. Kifuani alikuwa na chale mbichi. Mama mkwe alikuwa ameshikilia kwamba jirani alimtazama mtoto kwa kijicho, kwa sababu alizaliwa mzima, akanenepa vizuri, kisha baada ya miezi 6 akaanza kudhoofika. Mama mwenyewe alikuwa akilaumiwa kwa kuleta "damu mbaya" katika boma.

Mtoto huyo ana ugonjwa wa selimundu, na ili kuuelewa yatubidi tuingie ndani ya chembe moja ya mwili.

Shuleni tulifundishwa kuichora seli ikifanana na yai la kukaanga. Nje pana utando unaochagua kiingiacho na kitokacho. Katikati pana kiini, kinachohifadhi maagizo ya urithi katika kromosomu 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Ribosomu huyasoma maagizo hayo na kuunda protini. Mitokondria hutoa nguvu. Michoro hiyo tuliikariri tukapita mtihani, basi.

Lakini chembe nyekundu ya damu haifanani na mchoro ule. Ikiwa bado changa ndani ya uboho wa mifupa, huwa na kiini na hufanya kazi usiku na mchana kuunda hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Ikikaribia kukomaa hukitupa kiini nje, kisha mitokondria na ribosomu nazo huondoka. Hubaki kama mfuko laini uliojaa hemoglobini, unaoweza kujikunja na kupenya mishipa iliyo myembamba kuliko wenyewe. Kwa kuwa haina tena maagizo wala mitambo ya kujitengeneza, huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa.

Kosa la selimundu hufanyika kabla kiini hakijatupwa. Katika kromosomu ya 11 herufi moja tu ya agizo imebadilika. Hemoglobini inayoundwa hushikamana oksijeni inapopungua, ikawa kama fito ndani ya chembe. Chembe hupinda kama mundu, hukakamaa na kuziba mishipa. Hapo ndipo maumivu ya mifupa hutokea, wengu huharibika mapema, na nimonia au kiharusi huweza kufuata. Chembe kama hiyo huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu hupungua na macho huwa manjano.

Na ile miezi 6? Mtoto huzaliwa na hemoglobini ya tumboni ambayo haina kosa hilo. Hupungua polepole, na ile ya utu uzima ikichukua nafasi yake, ugonjwa hujitokeza. Hapana jicho la jirani hapo. Wala mama hawezi kulaumiwa peke yake, kwani ni lazima mtoto apate agizo lenye kosa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao mara nyingi ni wazima wa afya. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa, hata kama aliyetangulia alikuwa hivyo.

Mbona basi kosa hili ni la kawaida Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na haba nyanda za juu? Daktari Anthony Allison, aliyelelewa humu Kenya, alikusanya damu katika maeneo hayo mwaka 1949, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba mwenye agizo moja tu lenye kosa hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali. Sisemi mtu aache neti! Na kwa mtoto mwenye selimundu yenyewe, malaria ni hatari kubwa.

Maoni yangu ni kwamba katika maeneo haya mtoto asitoke hospitali alikozaliwa kabla ya kupimwa. Yatosha tone la damu kutoka kisiginoni. Wapo madaktari wenzangu wanaouliza kuna faida gani kumpa mzazi habari hizo mapema. Faida ni kwamba penisilini kila siku hadi miaka 5, chanjo zote na kinga ya malaria huokoa maisha, lakini zianze kabla ya homa ya kwanza. Tena kuna dawa ya haidroksiyurea, inayoirudisha ile hemoglobini ya tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Kilifi na pia Angola, Kongo na Uganda, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na haja ya kuongezwa damu. Kama mtoto hajapimwa, nani atamwandikia dawa hiyo?

Yule mama alisikiliza yote kimya. Kisha akauliza kama dada yake mtoto, mwenye miaka 4, naye apimwe. Nilimwambia amlete Jumatatu, na baba yao aje pia.