ETI KIINGEREZA CHA NACHINGWEA? LONDON KWENYEWE HIYO "R" HAWAITAMKI!

Leo tuache kidogo siasa na bei ya korosho, tuongelee kitu kinachowaumiza vijana wengi wa huku kwetu kimyakimya.

Kijana wa Nachingwea au Ruangwa akianza kuongea kimombo mbele za watu, hata sentensi ya kwanza haijaisha kicheko kimeshapita. Eti "msikie, anachanganya R na L". Eti "hicho Kiingereza cha kusini hicho". Akichekwa mara mbili hafungui tena mdomo. Darasani anakaa kimya. Kwenye usaili anajibu "yes" na "no" tu, kazi anapewa mwingine aliyejua kubana pua.

Sasa mimi nauliza: hicho Kiingereza chenyewe tunachopimwa nacho ni cha nani? Maana wenyewe wenye lugha hawakubaliani hata kwenye hiyo herufi R.

Tuanzie nyumbani. Nachingwea kuna mahali panaitwa Farm 17, jina lililobaki tangu mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kufa 1951. Msikilize mtu wa pale akilitaja: anasema "Famu". Mjanja wa mjini atacheka, atasema R iko wapi. Lakini mtu wa London naye akilisoma neno hilo R haisikiki, anavuta tu ile A.

Angalia na maneno haya: kadi, baa, nesi, fomu, stoo, bia. Yote kwa Kiingereza yameandikwa kwa R. Kwetu R imekwenda wapi? Hatukuipoteza sisi jamani. Waingereza wengi waliotuletea maneno hayo hawakuwa wanaitamka, na wazee wetu wakachukua walichokisikia kwa masikio yao. Kwa hiyo wanaosema "baa" wako karibu na London kuliko huyo bishoo anayekunja ulimi kuiga filamu za Marekani.

Sasa twende huko Marekani, maana kule ndiyo utashangaa. Mwaka 1962 mtaalamu wa lugha William Labov aliingia kwenye maduka matatu makubwa ya New York: Saks la matajiri, Macy's la watu wa kati na S. Klein la wanaotafuta bei rahisi. Akawa anawauliza wauzaji bidhaa ambayo anajua kabisa iko ghorofa ya nne, ili tu wamjibu "fourth floor", maneno mawili yenye R ndani. Halafu anajifanya hajasikia, wanarudia. Pale Saks zaidi ya nusu ya wauzaji waliitamka R. Pale S. Klein ni kama mmoja tu kati ya watano. Yaani New York R ni dalili ya mwenye hela, ukiidondosha unaonekana wa uswahilini.

Uingereza ni kinyume chake! Anayeidondosha R ndiye anaonekana kasoma shule za wakubwa. Wanaoitamka vizuri ni watu wa magharibi kule, Bristol na Cornwall, na kwenye vichekesho vya Waingereza sauti hiyo ndiyo wanapewa wakulima na washamba. Scotland nao wanaitamka na hawamwombi mtu radhi.

Umeiona hiyo, mdau? Sauti ni ileile. New York inakupa heshima, London inakufanya mshamba. Kwa hiyo tatizo halijawahi kuwa sauti. Watu wanaangalia nani anaisema na mfukoni ana nini, halafu wanasingizia masikio.

Na usidhani hao Waingereza wenyewe wanaelewana. Ninyi mnaoshinda vibanda umiza mnalijua hili. Sir Alex Ferguson ni mtu wa Govan, Glasgow. Jamie Carragher anayechambua mpira ni mtu wa Bootle, karibu na Liverpool. Ukiwasikiliza wote wawili utadhani ni lugha mbili tofauti. Ferguson alikaa Manchester United kuanzia 1986 mpaka 2013 akiongea vilevile kama alivyozaliwa. Akachukua makombe, na waandishi wa habari ndio waliolazimika kutega masikio.

Misimu ya mitaani ndiyo usiseme. Ukiwa Australia ukaambiwa uvae "thongs", usishtuke, ni ndala hizihizi. "Arvo" ni mchana baada ya saa sita, "ute" ni pikapu. Ukiwa Afrika Kusini ukaambiwa ukunje kushoto kwenye "robot", usitafute roboti, ni taa za barabarani. Mnigeria akikwambia "How far?" hakuulizi umbali, anakuuliza mambo vipi. Mganda akikuona baada ya siku nyingi atakwambia "You are lost", yaani umepotea, na hapo hata sisi tunamwelewa bila mkalimani maana tumefikiria sawa. Kila watu wamekichukua Kiingereza wakakivalisha nguo za kwao. Kwa nini cha Ruangwa ndiyo kiwe cha kuchekwa?

Wapo watakaosema hii ni stori ya kijiweni tu. Hapana wadau, lafudhi inanyima watu riziki. Mwaka 1999 wataalamu watatu, mmoja wao profesa John Baugh, Mmarekani mweusi, walitoa utafiti wa nyumba za kupanga eneo la San Francisco. Baugh alikuwa anawapigia simu wenye nyumba kwa lafudhi tatu: ya kizungu, ya Wamarekani weusi na ya Wamarekani wenye asili ya Mexico. Mtu mmoja, maneno yaleyale. Kwenye mitaa ya wazungu, alipoongea kama mzungu alikaribishwa aje kuona nyumba mara nyingi zaidi. Hawajamwona hata sura!

Shuleni pia. Huko Ann Arbor, Michigan, wazazi wa watoto weusi walienda mahakamani kwa sababu watoto wao walikuwa wanaonekana wazito wa kuelewa kumbe shida ni lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 1979 jaji Charles Joiner aliamua kwamba walimu wasaidiwe kuielewa lugha ile na kuizingatia wanapowafundisha kusoma. Mtoto asihesabiwe mjinga kwa sababu ya anavyotamka.

Sasa rudi kwetu. Mtoto wa huku anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili. Anaingia Form One, ghafla Biolojia na Jiografia zote Kiingereza. Hapo ndipo anahitaji kuongea, kukosea na kuuliza. Na hapo hapo ndipo anapochekwa, wakati mwingine na mwalimu mwenyewe. Baada ya miaka minne tunashangaa matokeo! Huyu mtoto tumemziba mdomo sisi, halafu tunamlaumu haongei.

Na tusijifanye ni Kiingereza tu. Hata Kiswahili tunachekana. Mtu wa kusini akisema "nchele" na "nti" badala ya mchele na mti, wa Dar anaanguka kicheko. Amesahau kwamba Kiswahili sanifu ni lahaja moja tu iliyochaguliwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja, Kimvita kikaachwa, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Wangechagua vingine, leo wa Dar ndiye angekuwa anachekwa.

Ila wadau tusidanganyane. Kuna lafudhi na kuna kutoeleweka. Kwenye Kiingereza "rice" ni wali na "lice" ni chawa, ukizichanganya hotelini utaletewa macho. Hata Kiswahili kina kula na kura, mahali na mahari. Kwa hiyo zile R na L jifunze, fanya mazoezi kama unavyofanya mazoezi ya penati. Sikiliza redio, soma kwa sauti, rudia. Lakini jifunze ili ueleweke, usijifunze ili uonekane umezaliwa mamtoni.

Kwa sababu Kiingereza kinachotuhusu sana huku ni cha kwenye karatasi. Kampuni za Australia zimekuja Ruangwa kwa ajili ya madini ya kinywe, na Nachingwea kwa ajili ya nikeli ya Ntaka Hill. Ile ya Ntaka Hill iliishia kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2024 serikali yetu ikakubali kulipa dola milioni 90 kuimaliza. Kwenye mabishano kama yale hakuna anayekuuliza unatamkaje "floor". Wanauliza mkataba umeandikwaje, na nani aliusoma akauelewa.

Vijana wa Lindi tunahitaji watu wa kuisoma mikataba hiyo mstari kwa mstari, na kumwuliza mzungu swali gumu hata kama R imetoka L. Swali likiwa zuri atalijibu tu. Lakini swali ambalo halijaulizwa kwa kuogopa kuchekwa, hilo halijibiwi na mtu.

Waajiri, pimeni mtu anajua nini. Walimu, msiongoze kicheko. Na wewe uliyekaa hapo kafe unasoma hii, kesho mwenzako akiongea kimombo chake cha Nachingwea, msikilize mpaka mwisho halafu mjibu alichosema.

Nawasilisha. Mnaosema naongopa, uwanja wa maoni ni wenu hapo chini, mwageni hoja. Matusi pelekeni kwingine.