Dawa Moja, Damu Mbalimbali

Ndugu wawili wa Bungoma waweza kumeza dawa moja, mmoja akapona na wa pili akadhurika, kisha lawama zikamwangukia Bwana Mganga. Huenda chanzo kimo katika damu. Katika nchi zenye malaria tangu kale wako watu, hasa wanaume, waliorithi kwa mama zao upungufu wa G6PD, kimeng'enya kizilindacho chembe nyekundu. Wamezapo primakwini au dapsoni, chembe hizo hupasuka. Mkojo huwa mweusi kama kahawa na macho ya manjano. Kwa sababu hiyo Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008. Hata mkaaji wa Kitale penye baridi, ikiwa wazee wake walitoka nchi za joto, na amweleze mganga kama ndugu yake yeyote amepata kukojoa hivyo baada ya dawa.